Nyuso Nane, Pembe Nane: Nani Atayapa Maumbo Majina?

Wengi wetu tulicheza mpira kabla ya kujua kuandika. Na hata leo, tukiombwa kuchora mpira, tunachora ule wa zamani: vipande vyeusi vya pembe tano vilivyozungukwa na vyeupe vya pembe sita. Ndio mpira wa Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Wa sampuli hiyo hiyo ulichezwa Ujerumani Magharibi mwaka 1974, Leopards wa Zaïre walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika kwenye kombe hilo. Mabao tuliyofungwa tuyaache, tuhesabu vipande. Vyeusi ni 12, vyeupe ni 20, jumla 32. Mahali mishono inapokutana ni 60. Mishono yenyewe ni 90.

Umbo hilo lina jina. Kwa Kifaransa wanaliita «icosaèdre tronqué». Si jina la wapenda hesabu peke yao. Mwaka 1985 wanakemia waligundua molekuli ya kaboni yenye atomi 60 zilizopangwa kama ncha za mpira huo, na mwaka 1996 watatu kati yao walipewa Tuzo ya Nobeli. Sasa mwombe mwalimu wa shule ya msingi akutajie umbo hilo kwa Kiswahili. Atasema «mpira». Lakini mpira ni jina la kitu, na kitu hicho tukikitazama kwa haraka ni tufe tu, duara la pande zote. Tukisema «mpira», vipande 32 vimepotea, ncha 60 zimepotea, na pamoja nazo limepotea lile hasa tulilotaka mtoto alione.

Nataka kusema jambo moja katika kurasa hizi. Kiswahili hakikosi nyenzo za kuyapa majina maumbo ya namna hii, hata yale ya ajabu kabisa. Kinachokosekana ni watu wa kukaa chini na kuyatunga majina kwa utaratibu, familia kwa familia, badala ya kuokota neno moja leo na jingine kesho. Watu hao, kwa maoni yangu, ni sisi tunaosoma lugha za Kiafrika katika kitivo hiki. Na jina sahihi ninalolizungumzia si tafsiri ya neno la Kifaransa. Ni jina linalomwambia msikilizaji ahesabu nini, na linalomwachia nafasi ndugu yake atakayezaliwa kesho.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili si mchezo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kufundishia na ya kuwa somo. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya kelasi moja hapa Lubumbashi kusikiliza somo la maumbo. Mwalimu alikuwa hodari. Alileta kartoni ya chai, kopo la maziwa, mpira na funeli. Alieleza kila kitu kwa Kiswahili kitamu, watoto wakafuata, wakashika, wakageuza. Ilipofika saa ya kutaja jina, akaingia katika Kifaransa: «parallélépipède rectangle». Watoto wakaimba kwa pamoja, mara tatu. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono: «Mwalimu, ile ni jina ya kartoni?»

Swali la mtoto huyo linastahili tasnifu. Kwake, jina lile lilikuwa sauti iliyobandikwa juu ya kartoni, kama karatasi ya bei. Hakuna kipande chake hata kimoja kilichomwambia kitu. Tena alijifunza jambo la pili ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba lugha ya nyumbani ni ya kushika na kugeuza, na inapofika kazi ya kutaja jina hasa, inabidi ikae kimya. Mtoto akilishika somo hilo akiwa na miaka saba, sisi tutakuja kuandika kurasa mia juu ya ngeli na toni bila kuliondoa.

Wengine watasema majina ya maumbo ni ya Kigiriki, na Kigiriki ndicho lugha ya sayansi, basi tuyachukue yalivyo. Haya, tuyatazame hayo ya Kigiriki. Neno lililozaa «cône» kwa Wagiriki lilikuwa tunda la msonobari. Lililozaa «cylindre» ni gogo la kubingirisha. «Prisme» ni kitu kilichokatwa kwa msumeno. «Cube» ni dadu, ile ya kuchezea. «Rhombe» ni kitu kinachozungushwa, mchezo wa watoto. Na «hedra», iliyomo mwishoni mwa majina yote ya nyuso nyingi, maana yake ni kikalio, yaani mahali pa kukalia, kwa sababu umbo ukiliweka mezani linakaa juu ya uso wake mmoja. Hayo ndiyo maneno tunayoyaogopa! Msumeno, gogo, dadu, tunda, kikalio. Wagiriki hawakushusha majina kutoka mbinguni. Waliyatoa karakana na uwanjani, kisha Euclid na wenzake wakayapa maana kali ya hesabu. Ukali ulikuja na ufafanuzi, haukuja na sauti ya neno.

Waliofuata walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1619 Johannes Kepler aliyapa majina maumbo 13 yanayoitwa ya Archimedes, na mpira wetu ni mmoja wao. Mwaka 1966 Mmarekani Norman Johnson alitoa orodha ya maumbo mengine 92 ambayo nyuso zake zote zina pande na pembe sawa, na mwaka 1969 Viktor Zalgaller akathibitisha kwamba orodha hiyo haina pengo. Humo mna majina ya kuvunja ulimi. Moja ni «hebesphenomegacorona». Ukilisikia, unadhani ni ugonjwa. Lipasue: «hebe» ni butu, «spheno» ni kabari, «mega» ni kubwa, «corona» ni taji. Kwa hiyo ni taji kubwa la kabari butu. Kabari! Ile ya kupasulia kuni. Katika orodha hiyo hiyo mna kundi zima linaloitwa «cupola», na neno kuba tunalo tangu zamani, kwa paa za mviringo za misikiti. Mtu anayesema Kiswahili hakiwezi kufika huko atuambie ni sehemu gani ya taji, kabari au kuba imetushinda.

Sasa tuangalie kilichomo tayari ghalani. Tanzania imefundisha hesabu kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu mwisho wa miaka ya 1960, na kazi hiyo imezaa matunda ambayo sisi huku hatuyatumii vya kutosha. Chukua neno mche. Kwenye pwani, kipande kirefu cha sabuni ya kufulia, kabla hakijakatwakatwa, huitwa mche wa sabuni. Wataalamu wakalichukua neno hilo likawa jina la umbo lolote lenye vitako viwili vinavyolingana na mwili ulionyooka katikati. Kisha familia ikazaliwa yenyewe. Mche wenye kitako cha pembetatu ni mche pembetatu. Wenye kitako cha mstatili ni mche mstatili, ile kartoni ya chai. Wenye kitako cha duara ni mcheduara, lile kopo la maziwa. Wenye nyuso zote za mraba ni mchemraba. Mtoto akilielewa neno mche mara moja, majina mengine atayatunga mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo. Linganisha na «parallélépipède rectangle».

Mfano wa pili ni mdogo lakini unanifurahisha. Duara lililobanwa linaitwa duaradufu, na dufu ni kitu hafifu, kisichotimia. Wagiriki nao umbo hilo waliliita kwa neno lenye maana ya upungufu. Basi aliye na duara, duaradufu na tufe, haombi ruhusa kwa mtu ili apate tufedufu, yaani umbo la yai lililo sawa pande zote mbili. Mlango ulikwisha kuachwa wazi na waliotangulia. Ni kuingia tu.

Lakini ghala lina tundu, na tundu lenyewe liko hapa. Kwa maumbo bapa tuna utaratibu safi: pembetatu, pembenne, pembetano, pembesita, pembenane. Kwa maumbo yenye ujazo, tukishamaliza mche, piramidi, koni na tufe, tunaishiwa. Fuwele ya almasi mara nyingi hukua ikiwa na nyuso nane za pembetatu, kama piramidi mbili zilizogusanishwa vitako. Nchi hii imechimba almasi zaidi ya miaka mia moja. Tuiite pembenane? Haiwezekani, pembenane ni umbo bapa, na tena almasi hiyo ina ncha sita tu. Tuiite pande nane? Upande tumekwisha kuupa kazi kwenye maumbo bapa: pembetatu ina pande tatu. Neno moja likibeba mizigo miwili, mtoto ndiye atakayeangusha.

Pendekezo langu ni kutumia uso, wingi nyuso, kwa maumbo yenye ujazo peke yake. Nyusonne, nyusotano, nyusosita, nyusonane, nyusoishirini. Na hapa naomba wanaisimu wenzangu wanifuate kidogo, maana sababu ni ya sarufi. Namba zetu moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na ngeli: watu watatu, miti mitatu, vitu vitatu. Katika ngeli ya kumi upatanisho huo hauonekani: pembe tatu, nyuso tatu. Ndiyo maana pembetatu ilishikana vizuri, bila mshono kuonekana. Nyuso ni ya ngeli hiyo hiyo, kwa hiyo inashikana na namba kwa njia hiyo hiyo. Tungechagua neno la ngeli nyingine, kwa mfano kikalio ili tuwafuate Wagiriki, tungepata «vikaliovitatu», na hakuna mwalimu ambaye angetusamehe.

Pingamizi moja la sarufi ni la haki. Katika pembetatu, pembe ni umoja na ni wingi. Lakini nyuso ni wingi tu. Je, tutasema «nyusonane moja»? Sikio litakwaruzwa mwanzoni. Nami nasema lizoee, kwa sababu jina lenyewe limekuwa la kitu kimoja na linapatana na ngeli ya tisa: nyusonane hii, nyusonane yake. Jina hutazama kitu kizima, halitazami kiungo kilichomo ndani yake.

Pingamizi la pili ni la hesabu, na ni zito zaidi. Namba ya nyuso peke yake haitoshi. Shika penseli mpya ya pembe sita ambayo haijachongwa. Ina nyuso sita za ubavuni na vitako viwili: nyuso nane. Almasi nayo ina nyuso nane. Penseli na almasi haziwezi kugawana jina moja na sisi tukajidai tumemaliza kazi. Hata Wagiriki wana shida hii, ila wameificha nyuma ya mazoea: wakisema «octaèdre» bila kuongeza neno, wasikilizaji hudhani ni ile ya pembetatu nane. Sisi tuanze vizuri. Tayari tunasema pembetatu sawa kwa ile ambayo pande zake zote zinalingana. Basi almasi ni nyusonane sawa. Penseli inabaki na jina lake la ukoo, mche pembesita, na nyusonane inakuwa jina la kuhesabia tu. Hakuna ubaya umbo moja kuwa na majina mawili. Mtu huwa mtoto wa fulani nyumbani na nahodha uwanjani. Piramidi ya kitako cha pembetatu ni nyusonne vilevile, na mchemraba ni nyusosita sawa. Anayejua majina yote mawili ameliona umbo mara mbili.

Kuna mahali utaratibu wangu unakwama, nami naupeleka mbele yenu ukiwa umekwama hivyo hivyo. Madini ya ganeti mara nyingi hukua na nyuso 12, kila moja ikiwa msambamba wa pande sawa. «Nyusokuminambili» ni treni, si neno. Wazee wa pwani walikuwa na thenashara kwa maana ya kumi na mbili, lakini huku kwetu neno hilo litahitaji kufundishwa kabla ya umbo lenyewe. Sokoni kuna dazeni. Mimi napiga kura kwa nyusodazeni. Najua baadhi ya walimu wetu watatabasamu, lakini waseme ni kwa nini dazeni, neno linalohesabu mayai na madaftari kila siku, lisihesabu nyuso.

Sasa turudi kwa mpira wa 1974. Anza na nyusoishirini sawa: pembetatu 20, ncha 12, na katika kila ncha zinakutana pembetatu tano. Kata kila ncha kidogo. Pale ulipokata panabaki alama ya pembetano, na kwa kuwa ncha ni 12, pembetano ni 12. Kila pembetatu, ikishakatwa pembe zake tatu, inageuka pembesita, nazo ni 20. Huo ndio mpira. Neno «tronqué» linatoka katika Kilatini, lenye maana ya kukata matawi au kichwa cha mti. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo hasa: kupogoa. Mkulima hupogoa mti, huondoa vilele na matawi ili ukae sawa. Umbo letu, basi, ni nyusoishirini iliyopogolewa. Mwambie mtoto jina hilo na uweke mbele yake kiazi na kisu. Hatauliza kama ni jina la kartoni. Atauliza amepogoa mara ngapi, na hapo amekwisha kuingia katika hesabu. Akitaka kujihakikishia, achukue ncha, atoe kingo, ajumlishe nyuso: 60 toa 90 ongeza 32, jibu ni 2. Arudie kwa almasi: 6 toa 12 ongeza 8, jibu ni 2. Euler alilionyesha jambo hilo katika karne ya 18, nalo hueleweka kwa lugha yoyote iliyo na maneno matatu yaliyo wazi. Ndiyo maana nasema ncha, sisemi kipeo: kipeo kimekwisha kupewa kazi ya namba, katika kipeo cha pili na cha tatu.

Mpaka hapa nimenukuu Wagiriki na majirani wa mashariki. Na sisi tunaleta nini mezani? Niliwahi kukaa na fundi wa bati katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anayetengeneza funeli na mbabula. Hajasoma jiometria, ila anajua kwamba koni ikikunjuliwa inakuwa kipande cha duara, kwa sababu bila kujua hivyo angepoteza bati na pesa. Nilimwuliza: «Papa, mbabula hii sehemu zake mnaziitaje?» Akaonyesha kwa nyundo: «Uku yulu ni kinywa, apa katikati ni kiuno, uku chini ni matako.» Nikacheka, naye akacheka. Lakini tazama vizuri: vitabu vya Tanzania husema kitako, yeye anasema matako, na mzizi ni ule ule. Fundi wa Lubumbashi na mwandishi wa kitabu cha Dar es Salaam hawajaonana kamwe, na wote wawili wameliona umbo kama kiumbe kilichokaa. Wagiriki pia, na kikalio chao.

Zaidi ya hayo, fundi yule alinipa neno ambalo kitabu hakikuwa nalo: kiuno. Mbabula ya namna ile ni koni mbili zilizokatwa vichwa na kuunganishwa mahali zilipokatwa. Sehemu nyembamba ya katikati inahitaji jina katika umbo lolote la aina hiyo, mpaka kwenye yale majumba makubwa ya kupozea maji kwenye vituo vya umeme ambayo wahandisi huyajadili kwa kurasa nyingi. Jina ni kiuno. Sioni sababu ya kutafuta jingine.

Neno lingine liko juu ya vichwa vya mama zetu. Umbo la mviringo lenye tundu katikati, kama tairi la ndani lililojazwa upepo, hisabati inaliita «tore», kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mto au kitu kilichotuna. Sisi tuna kata, ule mviringo wa kitambaa au majani unaowekwa kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Mzizi huu umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Wabemba wanasema inkata. Tukiliita umbo hilo kata, hatuazimi kwa mtu. Na wale wanaopita kwenye maduka ya malakiti ya Kolwezi na Likasi wameona jiwe la kijani lililovimba mafundo mafundo. Wanamadini hulitaja umbo hilo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kichala cha zabibu. Kichala kinatutosha.

Nawasikia wanaopinga. Wa kwanza wanasema mtoto atakutana na Kifaransa mbele, kwa nini tumtwike majina mawili? Nawajibu kwamba mtoto aliyeelewa nyusoishirini iliyopogolewa atajifunza «icosaèdre tronqué» kwa dakika moja, kwa sababu anajua neno hilo linataja nini. Aliyeanza na neno la pili peke yake anaweza kulitamka miaka kumi bila kuona ncha hata moja. Jina la kwanza halifungi njia ya la pili, linaifyeka.

Wa pili ni wale wanaouliza: Kiswahili cha nani? Swali hili ni letu hasa. Katika baadhi ya vitabu vya mashariki koni huitwa pia, kwa sababu pia ni mchezo wa watoto unaozungushwa chini kwa kamba. Huku kwetu, ukisema «chora pia», mtoto atangoja uendelee na sentensi. Basi sisi tushike koni, ambayo nao wanaijua, na Kifaransa hakitatupinga. Lakini pale ambapo neno la mashariki linafanya kazi, kama mche na jamaa zake, tusitunge la kwetu kwa kiburi tu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tutaingia katika mjadala wa istilahi tukiwa na nini mkononi? Ningependa tuingie na kiuno, kata na kichala, na tuchukue mche na kitako. Kupokea tu ni kuomba. Kukataa tu ni kujifungia.

Wa tatu wanasema hakuna anayehitaji majina ya maumbo 92 ya Johnson. Ni kweli, wala sipendekezi tukeshe tukiyatunga. Tunachohitaji ni kanuni chache, ili atakayelihitaji jina siku moja, awe mhandisi, mchongaji wa malakiti au mwalimu, alipate kwa kufuata njia, bila kungoja kamati. Kanuni zangu ni tatu. Kwanza, tafuta neno kwa fundi kabla ya kulitafuta katika kamusi ya Kifaransa. Pili, jina liseme kinachohesabiwa, na neno la kuhesabia lisibebe kazi mbili. Tatu, usikubali jina lisiloweza kuzaa jina la jirani yake.

Kazi yenyewe inaweza kuanza muhula huu. Kila mwaka tunaandika kazi za kuhitimu juu ya lugha zetu, nyingi kwa Kifaransa, na nyingi zinaeleza lugha kana kwamba imekwisha kumaliza kukua. Naomba walimu wetu waruhusu, na wahimize, kazi zinazoiongezea kitu. Wawili wetu wakae na wawili wa hisabati. Waorodheshe maumbo arobaini yanayofundishwa toka shule ya msingi mpaka mwisho wa sekondari. Wayape majina, wayapeleke kwa mafundi bati, waashi na maseremala, kisha wayapeleke kelasini, na jina ambalo watoto hawawezi kulirudia kesho yake bila kukumbushwa lifutwe bila huruma, hata kama mtunzi wake ni profesa. Yatakayobaki yachapishwe katika jarida hili, ukurasa mmoja kila toleo, pamoja na picha.

Mimi nimeweka yangu mezani: nyusonane sawa, nyusodazeni, nyusoishirini iliyopogolewa, tufedufu, kata, kiuno. Anayeona yamekosea asinyamaze, alete yaliyo bora. Wiki ijayo, katika kelasi fulani ya mji huu, mwalimu ataishika tena kartoni ya chai, na watoto watangoja wasikie inaitwaje.